Kuendesha Baiskeli Kupitia Vijiji vya Mvinyo vya Alsace: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila mwaka, baridi ya Ulaya inapoanza kulegea, hunijia maswali yaleyale kutoka kwa jamaa na marafiki wanaotaka kuiona Alsace kwa baiskeli. Je, mtu asiye mwanamichezo ataweza? Milima ni mikali? Baiskeli gani inafaa? Nimeona ni afadhali niyaandike majibu mara moja, kwa utaratibu, ili anayeanza asirudie makosa ambayo mimi na wengi wengine tuliyafanya.

Alsace iko mashariki mwa Ufaransa, kati ya milima ya Vosges na mto Rhine, na mashamba yake ya mizabibu yamepangwa kwenye miguu ya milima hiyo kama ukanda mwembamba kutoka kaskazini hadi kusini. Kuna njia mbili ambazo wageni huzichanganya. Ya kwanza ni Route des Vins d'Alsace, barabara ya magari iliyozinduliwa mwaka 1953, yenye urefu wa takribani kilomita 170 kutoka Marlenheim hadi Thann. Ya pili ni Véloroute du Vignoble, yaani njia ya baiskeli inayounganisha vijiji hivyohivyo lakini kwa kupita zaidi kwenye barabara ndogo za mashambani na njia zisizo na magari mengi. Mwongozo huu unafuata ile ya pili, kwa safari ya siku nne inayoanzia Strasbourg na kuishia Thann, jumla ya kilomita 160 hivi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Baiskeli ya barabarani inatosha kabisa, mradi iweze kubeba tairi za upana wa milimita 28 au zaidi. Mimi napendelea 32, kwa sababu mitaa ya vijiji imetandikwa mawe na baadhi ya njia za mashambani zina changarawe. Gia ndizo muhimu kuliko uzito wa fremu. Hakikisha gurudumu dogo la meno la mbele lina meno 34 au pungufu, na kubwa kabisa la nyuma lina meno 32 au zaidi. Ukikodi baiskeli mjini, uliza jambo hilo kwanza kabla ya kuuliza bei, maana baiskeli nzuri yenye gia nzito itakutesa kuliko ya kawaida yenye gia nyepesi. Kama miguu yako haijazoea, kodi baiskeli ya umeme, ambayo kisheria husaidia hadi mwendo wa kilomita 25 kwa saa, na usione haya.

Beba pia tyubu mbili za akiba zenye valvu inayolingana na rimu zako, viraka na gundi, vijiti viwili vya plastiki vya kutolea tairi, pampu ndogo, spana za alenki, kufuli na chupa mbili za maji. Sheria ya Ufaransa inadai kengele, viakisi mwanga, na taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma wakati wa giza. Nje ya miji, usiku au penye ukungu, ni lazima pia uvae kizibao cha kuakisi mwanga. Kofia ngumu ni lazima kwa watoto walio chini ya miaka 12, lakini vaa hata kama una miaka 60. Kaptula yenye sponji utaishukuru kuanzia siku ya pili.

Msomaji anayetoka Afrika Mashariki kwa viza ya muda mfupi ya Schengen akumbuke kwamba bima ya safari inayodaiwa ni ya angalau euro 30,000. Aangalie pia kama bima hiyo inahusu ajali za baiskeli, kwa kuwa si zote zinazofanya hivyo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua majira yako. Miezi bora ni Mei, Juni na Septemba. Milima ya Vosges huzuia mawingu ya mvua yanayotoka Atlantiki, na ndiyo maana Colmar ni mmoja wa miji inayopata mvua kidogo kabisa nchini Ufaransa. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na katikati ya mizabibu hakuna kivuli. Septemba ina raha yake ya pekee: mavuno yanapoanza, ukipita mbele ya mlango wa ghala la chini unapigwa na harufu ya maji ya zabibu yanayochachuka, nzito na tamu, kiasi kwamba unajua umefika kijijini kabla ya kukiona. Ubaya wa Septemba ni kwamba vyumba hujaa mapema na trekta ziko kila mahali, hivyo weka nafasi za kulala wiki kadhaa kabla.

2. Iandae baiskeli nyumbani, si barabarani. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu wako uwe umenyooka bila kulazimika kuegemea upande mmoja. Ukiendesha kwa mpira wa unyayo, goti litakunja kidogo, na hicho ndicho kimo sahihi. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi za milimita 28, upepo wa bar 5 hivi unatosha. Kwa tairi za 32, bar 4 hadi 4.5. Wengi hujaza hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi wakidhani wataenda kasi, kumbe wanachopata ni kutetemeshwa mikono na kuteleza kwenye mawe.

Jaribu breki mahali pa tambarare. Baiskeli za Ufaransa kwa kawaida huwa na breki ya mbele upande wa kushoto na ya nyuma upande wa kulia, kinyume cha zile zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza ambao wengi wetu tumekulia nao. Mtu akishtuka huvuta ile aliyoizoea kwa nguvu zote, na kama mkono wake umeiangukia ya mbele, atapaa juu ya usukani.

3. Zoea upande wa kulia. Hili ndilo linalowaangusha wageni wanaotoka nchi zinazoendesha kushoto, na wala si wakati wa msongamano. Hatari huja asubuhi na mapema, unapotoka hotelini kwenye barabara tupu isiyo na gari la kukukumbusha. Nilishawahi kwenda mita mia mbili nzima upande wa kushoto, nikiimba, hadi mzee mmoja aliyekuwa akifungua madirisha yake akanipigia ukelele. Weka kipande cha plasta nyekundu upande wa kulia wa usukani. Ni jambo la kitoto, lakini linafanya kazi.

Kwenye mzunguko wa barabara utazunguka kinyume cha saa, na utatazama kushoto kwanza. Kanuni ngumu zaidi ni ile ya kumpisha anayetoka kulia: penye makutano yasiyo na kibao wala mstari, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye mtaa mkubwa. Vijiji vya mvinyo vimejaa makutano ya namna hiyo. Ukiona chini ya kibao cha kukataza kuingia kuna maneno «sauf vélos», maana yake ni kwamba baiskeli zinaruhusiwa. Usitumie simu mkononi wala visikilizio vya masikioni unapoendesha. Vyote viwili vimekatazwa, na faini ni euro 135.

4. Siku ya kwanza: Strasbourg hadi Obernai, kilomita 35 hivi. Toka mjini kwa njia ya baiskeli inayofuata mfereji wa Bruche, uliochimbwa mwaka 1682 chini ya mhandisi Vauban ili kusafirishia mawe ya kujengea ngome za Strasbourg. Njia ni tambarare, ina lami, na miti imeinamia maji. Kosa la siku hii ni kwenda kasi kwa sababu ni rahisi. Kanyaga pedali kwa wepesi, mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika, huku bado unaweza kuzungumza bila kuhema. Ukifika Molsheim, geuka kusini kupitia Rosheim. Hapo ndipo utakapoanza kuona safu za mizabibu zikipanda kilima upande wako wa kulia, na zitabaki upande huo hadi mwisho wa safari. Ukipotea, tafuta Vosges: zikiwa kulia kwako, unaelekea kusini.

5. Siku ya pili: Obernai hadi Ribeauvillé, kilomita 45 hivi. Fuata vibao vyeupe vyenye maandishi ya kijani na picha ya baiskeli, wala si vile vya watalii wa magari, ambavyo vitakurudisha kwenye barabara kubwa. Utapita Barr, Mittelbergheim, Andlau, Dambach-la-Ville, Châtenois na Bergheim. Simama Mittelbergheim, hata kama hujachoka. Ni kijiji kidogo cha nyumba za mawe zenye milango mipana ya tao, iliyojengwa hivyo ili mkokoteni wa zabibu upite, na juu ya baadhi ya milango hiyo utaona mwaka na alama ya kazi ya mwenye nyumba vimechongwa. Mashamba ya Zotzenberg yako juu yake, ambako zabibu ya Sylvaner, inayodharauliwa kwingine, inaruhusiwa kubeba daraja la Grand Cru, lililo la juu kabisa kwa mvinyo wa Alsace.

Mchana huo ndipo utakapojifunza habari ya chakula. Majiko ya mikahawa mingi hupika kati ya saa sita na saa nane mchana tu, na ukifika saa nane na nusu utapewa kahawa na pole. Maduka ya vijijini hufungwa mchana, Jumapili, na mara nyingi Jumatatu. Alsace ina pia sikukuu zake ambazo karibu Ufaransa nzima haina, kama Ijumaa Kuu na tarehe 26 Desemba. Kwa hiyo usiwe na mfuko mtupu: ndizi, mkate na jibini vinatosha. Maji ya chemchemi za vijijini yanywe tu kama pameandikwa «eau potable». Penye «eau non potable» nawa uso na uendelee.

6. Siku ya tatu: Ribeauvillé hadi Colmar, kilomita 30 hivi. Ukisoma umbali huu utadhani ni siku ya mapumziko. Sivyo. Kati ya Ribeauvillé, Hunawihr, Riquewihr na Kaysersberg njia hupanda na kushuka bila kukoma, na ingawa hakuna mwinuko hata mmoja unaoweza kuitwa mlima, miinuko kumi midogo huchosha kuliko mmoja mrefu, kwa kuwa mtu hujaribu kuipanda yote kwa kishindo. Mara yangu ya kwanza niliiparamia kwa gia nzito, nikiona haya kushuka gia mbele ya wazee wawili walionipita wakiongea, na usiku huo goti langu lilivimba nikakaa Colmar siku mbili. Wale wazee walikuwa kwenye gia nyepesi kuliko zote.

Fanya hivi: shusha gia kabla mwinuko haujaanza, wakati mnyororo bado haujabeba mzigo. Ukisubiri hadi miguu imekwama, mnyororo utalia, utaruka, au utatoka. Kaa kwenye kiti, legeza mabega, na acha mwendo ushuke hata ukifika kilomita nane kwa saa.

Ingia Riquewihr kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu baada ya hapo mabasi ya watalii hufika na utalazimika kukokota baiskeli kati ya watu. Asubuhi hiyo mtaa mkuu unakuwa wa wakazi: gari la mkate, mtu anayemwagilia maua ya dirishani, na korongo weupe wakigonga midomo juu ya mabomba ya moshi. Kaysersberg ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, yule daktari aliyejenga hospitali Lambaréné, Gabon, na kuna jumba la makumbusho lake. Ukimaliza hapo, njia inashuka polepole hadi Turckheim na kisha Colmar. Ukipenda kulala Turckheim badala ya Colmar, katika miezi ya joto mlinzi wa usiku huzunguka mji saa nne za usiku na taa yake, akiimba kama walivyofanya watangulizi wake.

7. Siku ya nne: Colmar hadi Thann, kilomita 50 hivi. Huu ndio mwendo mrefu kuliko yote, lakini si mgumu kama wa jana, ila upepo ukivuma kutoka kusini. Upepo wa mbisho, kama wasemavyo mabaharia, haushindwi kwa nguvu: inama kidogo, shika usukani chini, shusha gia moja, na mkiwa wawili au watatu pokezaneni nafasi ya mbele kila dakika chache. Utapita Eguisheim, kijiji ambacho mitaa yake imezunguka kama pete, kisha Rouffach, Guebwiller na Thann. Huko mwisho utaona shamba la Rangen, lililo juu ya mwamba wa volkano na lenye mteremko mkali kiasi kwamba utajiuliza wavunaji wanasimamaje. Kutoka Thann panda treni hadi Mulhouse, na kutoka hapo treni ya mkoa, TER, itakurudisha Strasbourg. Baiskeli hupandishwa kwenye treni hizo nafasi ikiwapo, kwa hiyo epuka saa ambazo watu wanakwenda au kutoka kazini. Treni za kasi, TGV, zina masharti tofauti na hudai uweke nafasi ya baiskeli mapema.

Kuhusu kuonja mvinyo

Nimeliweka jambo hili peke yake kwa sababu ndilo linaloharibu safari nyingi. Kiwango cha kilevi kinachoruhusiwa kwa dereva, gramu 0.5 kwa lita ya damu, kinamhusu pia mwendesha baiskeli, na akikizidi hutozwa faini. Onja jioni, baada ya kufunga baiskeli na kuoga. Ukionja mchana, tumia chombo cha kutemea kilichowekwa mezani. Hakuna atakayekushangaa, kwani hata wakulima wenyewe hutema. Anza na Sylvaner au Riesling, ambazo ni kavu zaidi, na umalizie na Gewurztraminer, ambayo harufu yake kali hufunika kila kinachofuata. Asiyekunywa kilevi aombe maji ya zabibu, «jus de raisin», ambayo wakulima wengi huuza, na ambayo ni tamu kuliko alivyozoea dukani.

Ni adabu kununua japo chupa moja baada ya kuonja aina nne au tano. Lakini chupa iliyojaa ina uzito wa kilo moja na robo hivi, na chupa za Alsace ni ndefu na nyembamba, hazikai vizuri kwenye begi. Uliza kama mkulima anaweza kukutumia nyumbani au hotelini.

Mambo mengine ya kujihadhari

Trekta za mizabibu ni nyembamba, zimetengenezwa zipite kati ya safu, na hutokea barabarani ghafla bila dereva kukuona, kwani majani humziba. Penye mwanya kati ya safu, weka vidole kwenye breki. Ukiona trekta inanyunyizia dawa, simama mbali, upande ambao upepo unatoka, hadi imalize safu yake. Udongo ulioachwa na magurudumu yao hukauka na kuwa mgumu, na mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Usikate kona hapo. Kwenye mawe yaliyolowa usifunge breki ya mbele ukiwa umeinamisha baiskeli.

Magari yanatakiwa kukupita kwa umbali wa mita moja ndani ya mji na mita moja na nusu nje ya mji. Usijibanze ukingoni kabisa ukidhani unawasaidia. Ukijibana sana, dereva hujaribu kupita hata pasipo nafasi.

Mambo yakiharibika

*Pancha.* Toa gurudumu, toa tairi upande mmoja, na vuta tyubu. Kabla ya kuweka mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi yote, ukizunguka mara mbili, kwa sababu kilichotoboa mara nyingi bado kimo. Katika mashamba haya mizabibu hufungwa kwenye nyaya, na kipande cha waya kisichofika nusu sentimita huweza kujificha ndani ya mpira kisionekane hata kidogo kwa nje. Niliwahi kubadilisha tyubu mbili ndani ya nusu saa kwa kupuuza jambo hili. Jaza tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza ili isijikunje, kisha rudisha tairi kwa vidole gumba, si kwa vijiti, ambavyo huibana tyubu na kuitoboa upya.

*Mnyororo umetoka.* Usikanyage kwa nguvu. Sukuma mbele kile kifaa cha nyuma kinachovuta mnyororo ili ulegee, uweke kwenye meno madogo ya mbele, kisha zungusha pedali polepole kwa mkono.

*Goti linauma.* Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi hutokana na kiti kilicho chini mno au gia nzito. Ya nyuma ya goti, na kiti kilicho juu mno. Rekebisha kwa milimita chache tu kila mara, na endesha kilomita tano kabla ya kugusa tena.

*Mikono inakufa ganzi.* Badilisha mahali unaposhika kila dakika kumi, na punguza upepo wa tairi ya mbele kidogo.

*Nguvu zimekwisha ghafla, unatetemeka na kutoka jasho baridi.* Hiyo ni njaa, wala si udhaifu. Simama, kula kitu chenye sukari, subiri robo saa, halafu kuanzia hapo kula kidogo kila dakika 45, ukiwa na njaa au bila njaa.

*Umeanguka.* Toka barabarani kwanza, baiskeli baadaye. Namba ya dharura ni 112, na hufanya kazi hata kama simu yako ni ya nje. Njiapanda nyingi za vijijini huwa na kibao chenye jina la kijiji au namba ya barabara, na hicho ndicho atakachokuuliza anayepokea simu.